Mwalimu Aliyekwangua Kioo Kila Jumamosi

Nyumbani kwa Mwalimu, hapa Mkuza, mgeni hapewi kiti kabla hajajibu swali. Unavua viatu, unavipanga pua zikitazama nje, unasimamishwa mbele ya tangi la kioo lililomeza ukuta mzima wa sebule, na mwenye nyumba anakuuliza, mikono ikiwa mgongoni, "Kile pale ni jiwe, ni ua au ni mnyama?" Mchungaji wake alijibu ua, akapewa sifuri. Chai alipewa pia, lakini sifuri ndiyo iliyotangulia. Mgombea mmoja aliyekuja kuomba kura alijibu jiwe, akaambiwa kwamba mtu asiyeweza kutofautisha jiwe na mnyama asithubutu kuongoza watu. Mimi nilijibu mnyama, kwa kuwa siku mbili kabla yake nilikuwa dirishani kwangu nikiwasikia wengine wakikosea. "Umenakili," akaniambia, kisha akanitafutia kigoda.

Ni mnyama kweli. Tumbawe ni umati wa viumbe vidogo sana, kila kimoja kina kinywa na mikono yake, vinakaa pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa. Ndivyo miamba ya baharini inavyojengwa. La Mwalimu lilikuwa na matawi mafupi yaliyobanana kama koliflawa, rangi ya waridi iliyofifia. Wenzake walipostaafu walifuga kuku wa mayai au walinunua bajaji. Yeye alifuga matumbawe, hapa Kibaha, mahali ambapo ukitaka kuiona bahari lazima upande gari.

Mtu wa haki ataongeza kwamba hakuiba. Wavuvi walipomletea matumbawe kwenye ndoo aliwafukuza na somo refu juu ya sheria, na mmoja alilisikiliza somo lote akiwa ameshika ndoo kichwani. Kipande chake alipewa na mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa msimamizi wa hoteli moja iliyovunja tangi lake la mapambo. Kilikuwa kipande kimoja, cha ukubwa wa kidole gumba, pamoja na kitabu kinene cha kukilea. Maji ya bahari yalikuja kwa madumu, kwenye pikapu ya mchuuzi wa samaki, na kwa muda mrefu majirani tuliamini kwamba Mwalimu anakula samaki kila siku na anatuficha.

Umeme ukikatika, alikuwa na betri mbili kubwa za kuendesha pampu za tangi. Friji haikuwa na betri. Nyama ya Krismasi iliwahi kuoza mle ndani huku matumbawe yakipepewa maji kama kawaida. Mkewe aliitoa nyama ile nje kwa vidole viwili, akanitazama juu ya ua unaotutenganisha, akasema, "Ningejaliwa mapezi, ningeishi raha sana nyumba hii."

Mwalimu alikuwa na vita na uchafu. Sakafu yake aliisugua mpaka nzi anateleza. Kadi za harusi alizoletewa alizirudisha zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na tangazo moja la msiba lililobandikwa dukani alilipa alama arobaini na mbili. Vumbi lolote lililoonekana nyumbani kwake lilikuwa la viwanda vya Zegereni, hata upepo ukivuma kuelekea huko. Fundi vioo aliyemtengenezea tangi alitoka hukohuko Zegereni, naye alirudishwa mara tatu kwa sababu pima maji ilionyesha kona moja imezidi kwa unene wa kucha. Sijui kama yule fundi bado anafanya kazi ya vioo.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi alivua shati, akabaki na fulana, akachukua wembe alioufunga kwenye kijiti cha mti, akakwangua tangi. Pande zote nne, kila doa, kila punje, kila kitu kilichothubutu kushika kwenye kioo. Ukimuuliza kwa nini asiache angalau upande wa nyuma, ambao haumsumbui mtu, alikuwa na jibu lake: "Uchafu ukiusalimia, unavuta kiti." Kwa miaka niliyokaa jirani naye sikumbuki Jumamosi iliyopita bila kusikia ule mkwaruzo. Mbwa wangu aliuzoea akaacha kubweka.

Sasa niseme ukweli wangu, ili msomaji ajue ulimi huu umepata wapi makali. Mwalimu alinifundisha Baiolojia, na alikuwa mwalimu wangu wa darasa nilipoanza kidato cha kwanza. Siku ya kwanza aliita majina ya kuandika kwenye daftari la mahudhurio. Kila mmoja alitaja jina lake, la baba na la babu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Zuhura."

"Zuhura nani?"

"Zuhura tu, Mwalimu."

"Kila kiumbe kina baba," akasema, "hata kunguni." Darasa zima likacheka. Mama yangu alikuwa amenilea peke yake Mlandizi, kwa jembe, na kuhusu baba hajawahi kufungua kinywa. Mwalimu akasubiri. Mimi nikatazama dawati. Hatimaye akachora kistari kirefu mahali pa jina la baba, akaendelea na mwenzangu. Kuanzia siku ile mpaka ninamaliza kidato cha nne niliitwa Zuhura Kistari. Nilikuja kuwa fundi cherehani, nikanunua kiwanja Mkuza, nikajenga, na siku ya kuhamia nikamkuta upande wa pili wa ua akimwagilia majani. Mungu naye ana utani wake. "Shikamoo Mwalimu," nikasema. "Marahaba," akajibu, akanikazia macho. "Wewe si wa mstari wa nyuma?"

Basi nilimcheka miaka yote, na sioni aibu. Alinipa sababu za kutosha.

Kwa mfano, nyumbani kwake palikuwa na daftari la mahudhurio. Limening'inizwa kwa uzi nyuma ya mlango wa mbele, daftari lilelile la shule, lenye majina matatu: la kwake, la mkewe, na la binti yao wa pekee, Anjela. Kila asubuhi aliita majina. Mkewe alikuwa jikoni, hatua sita kutoka hapo, na aliitika "Nipo!" huku anakaanga maandazi. Alijiita na yeye mwenyewe, akaitika, akajiwekea alama ya vema. Nilipolisimulia hili kwa wateja wangu hawakuniamini, nikawaleta dirishani wasikilize.

Anjela alikuwa muuguzi. Alikuwa ndiye msaidizi wa tangi tangu akiwa binti mdogo, na alikijua kile kitabu kinene kuliko baba yake. Siku moja alirudi nyumbani akiwa na mimba. Mwalimu, mzee wa kanisa wa usharika, mwenye kiti chake mstari wa mbele, alimuuliza swali moja, na mimi nililisikia, maana ua wetu ni wa michongoma na haufichi kitu.

"Baba yake nani?"

"Hayupo, Baba. Mimi natosha."

"Hakuna mtoto bila baba. Nimefundisha hilo miaka thelathini."

"Sasa huyu atakuwa wa kwanza," Anjela akasema. Ulimi alikuwa amerithi. Mwalimu akamfungulia mlango wa mbele, akamwambia asipite hapo tena mpaka awe na jina la kuliandika. Anjela akaenda kuishi Chole, kule Kisarawe, kwenye shamba la mihogo la mama yake, akapata kazi kwenye zahanati, akajifungua mtoto wa kike akamwita Upendo.

Tangu siku hiyo Mwalimu alipiga marufuku jina la Anjela nyumbani kwake. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa Baba Anjela. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na mkewe alikuwa Mama Anjela, na huwezi kuwapiga marufuku watu wote wa Mkuza. Akaanza kuwasahihisha: "Niite Mwalimu." Ndiyo maana mpaka leo namwita hivyo, na ndiyo maana zamani nilikuwa nikisahau makusudi na kumwita Baba Anjela.

Mama Anjela hakubishana. Alianza tu kwenda Chole kupalilia mihogo. Alipalilia wakati wa mvua, alipalilia wakati wa kiangazi, alipalilia hata mwezi ambao mihogo ilikuwa imeshang'olewa yote. Mumewe alimwangalia akifunga kitenge na kusema, "Hiyo mihogo ina bahati." Kisha, na hapa ndipo nilipokuwa nashindwa kumwelewa, alimpa penseli. Kila safari, penseli mbili, amezichonga mwenyewe kwa kisu, ncha zimenyooka. "Kwa watoto wa kule," alisema, akatazama pembeni. Na kila asubuhi, alipoita majina nyuma ya mlango, aliita na jina la tatu. Alinyamaza kidogo, kama mwalimu anavyosubiri, kisha akaandika kosa. Hayupo. Alifanya hivyo miaka sita. Angeweza kulifuta jina lile kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu.

Mama Anjela aliwahi kuniambia, akiwa amekaa kwenye kibaraza changu nampima gauni, "Zuhura, mimi sitaki makubwa. Nataka huyu mtoto aingie kwa mlango wa mbele, aitwe jina. Mwakani anaanza darasa la kwanza na hajawahi kumwona babu yake. Nikifa kabla ya hapo, nitamsumbua huyu mzee mpaka akome." Nikamwambia ainue mkono nipime kwapa.

Nirudi kwenye matumbawe, kwa sababu Mwalimu naye kila kitu alikirudisha huko. Tamaa yake kubwa ilikuwa moja: yazae. Kuzidisha tu kwa mkono ilikuwa kazi rahisi. Alishika koleo, akavunja tawi, akalibandika kwa gundi kwenye kipande cha marumaru, na baada ya miezi tawi likawa tumbawe kamili. Alikuwa na vipande ishirini na kitu, kila kimoja na namba yake. Alipowaonyesha wageni nilimuuliza, "Sasa hawa si watoto, Mwalimu?"

"Kukata si kuzaa. Ukikata mkono wako ukaota mtu, yule ni wewe tena."

Akatupa somo, mimi na akina mama wawili wa usharika waliokuwa wamekuja kuomba viti vya kuazima. Tumbawe huzaa kwa kumwaga mayai na mbegu majini, akasema, siku chache baada ya mwezi mpevu, yote kwa wakati mmoja. Likiwa peke yake linamwaga bure, maana mbegu zake na mayai yake ni damu moja, hayapokeani. Yanahitaji tumbawe la damu nyingine. Na ya kwake yote yametoka kwenye kidole gumba kimoja. "Kwa hiyo?" akauliza, akinyoosha kidole kama darasani. Akina mama wakatazamana. "Kwa hiyo hakuna mtoto bila baba," akajijibu. "Hata baharini." Alilisema kwa sauti kubwa zaidi ya iliyohitajika, na mlango wa jikoni ukafungwa kwa kishindo.

Hata hivyo alijaribu. Alitundika taa ndogo juu ya tangi aifanye mwezi, akaifunika kwa karatasi ya chooni akiipunguza na kuiongeza kufuata kalenda. Siku za mwezi mpevu alikataza taa nyingine zote, na Mama Anjela alikula chakula cha jioni akitafuta samaki kwa ncha za vidole. Aliandika barua ofisi mbalimbali akiomba kibali cha kupata tumbawe la pili. Alizijibu mwenyewe barua zilizochelewa kujibiwa, akazisahihisha, akazihifadhi. Miaka ikaenda, na kila Jumamosi wembe uliendelea kukwaruza.

Kisha usafi ukamwangusha. Nasema hivyo nikimaanisha sakafu. Maji kidogo ya tangi yalidondoka juu ya ile sakafu aliyoisugua, naye akapita na soksi. Akavunjika mfupa wa paja. Tulipombeba kumweka kwenye gari aende hospitali Dar, aliomba daftari, na huku analia kwa maumivu akaniandikia maelekezo ya kutunza tangi, vipengele kumi na saba. Kipengele cha tatu kilisema nisile karibu na matumbawe. Cha kumi na saba kilipigiwa mstari mara mbili: KUKWANGUA KIOO, JUMAMOSI, SAA NNE.

"Mbona mimi, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu unaishi karibu," akasema. "Siyo kwa sababu unaweza."

Alikaa huko wiki tisa, hospitali kwanza kisha kwa shemeji yake akijifunza kutembea, na Mama Anjela alikuwa naye. Mimi nilifanya kipengele cha kwanza mpaka cha kumi na sita. Niliongeza maji, nilisoma kipimajoto, nilichunga betri. Kukwangua sikukwangua. Jumamosi saa nne ndio wakati wateja wananijaa, bega langu la kulia ni la cherehani na linauma, na zaidi ya yote nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwona mtu yule ana kioo kichafu. Nilikiangalia kikijaa ukungu wa kijani nikasikia raha moyoni. Kama ni dhambi, imeshaandikwa.

Wiki ya nane ikafika, na raha ikaanza kugeuka hofu. Nikachukua wembe niwahi kabla hajarudi. Nilipoinama upande wa nyuma nikaona vidoa. Vilikuwa vya waridi, vidogo kama vichwa vya pini, vimeshika kwenye kioo na kwenye kona chini ya bomba, vingi. Nikaweka wembe. Niliangalia kimoja mpaka jicho likagusa kioo, nikaona kina mikono.

Nikampigia Anjela. Namba yake alinipa mama yake, kwa ajili ya zile safari za mihogo. Alikuja kesho yake kutoka Chole akiwa na Upendo, wakapita mlango wa nyuma, kwa sababu ule wa mbele alikuwa amekatazwa na alikuwa na kiburi cha baba yake. Akapiga magoti kwenye tangi. Alikaa hapo muda, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Da Zuhura, hawa ni watoto."

"Watoto wa nani? Si alisema hawawezi?"

Alikwenda kabatini bila kuuliza, akatoa kile kitabu kinene, akafungua ukurasa anaoujua. Kilieleza kwamba mengi ya matumbawe magumu ni kama alivyofundisha Mwalimu. Lakini aina hii yenye matawi ya koliflawa hulea watoto tumboni, huwaachia wakiwa tayari wanaogelea, na mara nyingi mama anawazaa peke yake. Wanatafuta mahali pagumu pa kushika. Katika matangi ya nyumbani, kioo ndicho wanachokipenda. Pembeni mwa aya hiyo, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na mwandiko ninaoujua tangu kidato cha kwanza: SI KWELI.

"Amekipa kitabu kosa," nikasema.

"Amekipa kosa," akasema Anjela, "halafu akawakwangua kila Jumamosi." Hapo ndipo alipolia. Upendo alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono mgongoni, hajafundishwa na mtu. "Mama," akauliza, "hili ni jiwe?"

Anjela hakukubali kubaki mpaka baba yake arudi. Nami sikukwangua.

Mwalimu alirudi Jumatano, na fimbo mbili za kutembelea. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaona ukungu wa kijani, na rangi ikamtoka. "Kipengele cha kumi na saba!" akapaza sauti. "Wewe, tangu shule, tangu shule!" Akaegemeza fimbo moja ukutani, akanyakua wembe. Mkewe, ambaye nilikuwa nimeshamweleza kwa simu, akamshika mkono. Sijawahi kumwona akimshika vile.

"Tazama kwanza, Baba Anjela. Ukishatazama, kwangua."

Alitaka kumsahihisha jina, akaniona nimemnyooshea lenzi yake ya kukuzia vitu. Akainama. Sisi tukasubiri. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumcheka, nimeyapanga wiki nzima nikishona, na moja lilikuwa zuri sana linahusu kunguni. Aliangalia kidoa cha kwanza, akaenda cha pili, akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti.

"Baba yao nani?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mwalimu," nikasema, "si ulitufundisha kwamba wote ni wa kidole gumba kimoja?"

Akakaa chini palepale sakafuni, mguu mbovu umenyooka mbele. Akautazama wembe mkononi. "Nimewakwangua," akasema. "Kila Jumamosi." Neno langu la kunguni sikulitoa, na naona bora niseme wazi kwamba nilimwonea huruma, ingawa sikuwa nimepanga.

Baadaye akauliza, "Nani aliyetambua? Wewe huwezi kutambua."

"Anjela," nikajibu.

Jina lilikuwa limetajwa ndani ya nyumba ile. Mwalimu aliomba ainuliwe, akaenda polepole mpaka nyuma ya mlango wa mbele, akasimama mbele ya daftari lake amenipa mgongo. Akafungua ukurasa mmoja nyuma, na mwingine, na mwingine. Mimi nikaondoka, maana kuna mambo hata michongoma inapaswa kuyaficha.

Haikuwa hadithi ya siku moja. Mtu yule hajui kuomba radhi. Nadhani hakuwahi kufundishwa. Wiki tatu zilipita. Safari ya mihogo ilifuata, na badala ya penseli mbili Mama Anjela alibeba boksi zima. Safari ya pili alibeba barua, na kwa kumjua yule mzee nina hakika ilikuwa na kichwa cha habari na tarehe upande wa kulia. Halafu mchana mmoja Mwalimu mwenyewe akaja kwangu, kwa fimbo moja, na kitambaa cha bluu.

"Sketi ya shule," akasema. "Darasa la kwanza."

"Vipimo?"

Akatoa karatasi. Vilikuwa vimeandikwa kwa mwandiko wa Anjela, na yeye alikuwa amekwisha kusahihisha tahajia ya neno moja.

Niliipeleka sketi Jumapili mchana, baada ya ibada. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni, pua zikitazama nje, na jozi mbili sikuzizoea, moja ndogo sana. Kioo cha tangi kilikuwa kimekwanguliwa mbele tu. Pande tatu zilikuwa na ukungu wake, na vile vidoa vimekuwa vitawi. Upendo alikuwa amesimama pale. Aliponiona akaweka mikono mgongoni.

"Shikamoo. Kile ni jiwe, ni ua au ni mnyama?"

"Marahaba. Mnyama."

"Umenakili," akasema. Jikoni Anjela na mama yake wakaangua kicheko.

Mwalimu alikuwa nyuma ya mlango na kalamu. Nikasogea nimpe sketi, macho yangu yakaenda kwenye daftari, kwa tabia. Kwenye mstari wa Anjela palikuwa na vema. Chini yake, mstari mpya: Upendo Anjela. Niliyasoma majina yale mara mbili. Mtu aliyenisimamisha mbele ya darasa zima alikuwa amemwandika mtoto kwa jina la mama yake, kwa mwandiko mzuri, bila kistari.

Na chini ya hilo, mstari wa tano, kulikuwa na Zuhura. Zuhura tu, na mbele yake nafasi nyeupe.

"Mimi si wa nyumba hii, Mwalimu," nikasema.

"Aliyelea watoto wiki tisa ni wa nyumba." Hakugeuka. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. "Mama yako aliitwa nani?"

Nilikuwa nimelingoja swali lile tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na lilipokuja nikatamani nimtukane kwanza. "Anaitwa," nikamsahihisha. "Siyo aliitwa. Yuko hai, analima Mlandizi. Mwanaidi."

"Anaitwa," akakubali. Akaandika Mwanaidi, herufi moja moja, akapuliza wino ukauke. Nikasubiri aniwekee vema yangu, huku machozi yananitiririka kama mjinga. Akaangalia saa yake ya mkononi, akainama tena, akaandika neno zima kwa kalamu nyekundu: Amechelewa.